Etha Haipuliziwi Dirishani

Kuna habari inayopanda kutoka Kipili hadi Sumbawanga kabla hata basi la asubuhi halijafika Namanyere. Nyumba imeibiwa usiku. Injini ya boti iliyokuwa imelazwa ukumbini haipo, simu zote hazipo, redio haipo, hata sufuria la ugali limebebwa, na wakati wote huo baba, mama na watoto walikuwa ndani wamelala. Majirani wakikusanyika, anayetoa maelezo husema neno moja na wote huitikia kwa kichwa: tumepuliziwa. Ukiuliza mmepuliziwa nini, utaambiwa nusukaputi. Ukikaa na vijana waliosoma kemia kidogo, watakutajia na jina lenyewe: etha.

Nimesikia madai mengi kuhusu kitu hiki, kule mwambaoni Nkasi na huku juu Ufipa, na baadhi nimeyasikia kwa watu wenye vyeti vyao ukutani. Nayajibu hapa moja baada ya jingine kwa sababu hayana usalama wowote ndani yake. Kwa ajili ya madai haya watu wanalinda mali zao vibaya. Kwa ajili yake wanaogopa chumba cha upasuaji. Na wako wanaoweza kufa kitandani kwa sababu lawama imetupiwa mwizi ambaye hakuwepo, nitafika hapo.

Etha ya hospitali, kwa jina lake kamili dayethili etha, ni kimiminika chepesi kisicho na rangi. Molekuli yake ina kaboni nne, hidrojeni kumi na oksijeni moja iliyokaa katikati. Pale usawa wa bahari huchemka kwenye nyuzi 34.6 za Selsiasi, chini ya joto la mwili wa mtu. Kipili iko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mita zipatazo 770 juu ya bahari. Sumbawanga iko karibu mita 1,800. Kadiri unavyopanda mlima, mgandamizo wa hewa unapungua na vimiminika huchemka mapema zaidi. Kwa hesabu hiyo etha ingechemka Kipili kwenye nyuzi 32 hivi, na Sumbawanga kwenye 29 hivi. Chupa ikiachwa wazi juani mchana wa Oktoba, pale kwenye mchanga wanakoanikia dagaa, itachemka yenyewe bila jiko. Mvuke wake ni mzito mara mbili na nusu kuliko hewa, kwa hiyo hautandi chumbani kama ubani. Unashuka, unatambaa sakafuni, na ukikutana na moto unawaka. Harufu yake ni tamu na kali kwa pamoja, na huganda kwenye nguo na kuta kwa muda mrefu.

Shika sifa hizo, kwa sababu ndizo zinazolijibu dai lililo kubwa kuliko yote: kwamba wezi hupuliza etha dirishani na nyumba nzima ikalala.

Tuanze na hesabu. Chukua chumba cha kawaida, mita 4 kwa 3, chenye kimo cha mita 2.5. Hizo ni mita za ujazo 30 za hewa. Mtaalamu wa usingizi aliyetumia etha alihitaji kumvutisha mgonjwa hewa yenye mvuke wa asilimia 10 au zaidi mwanzoni, kisha akapunguza pole pole mgonjwa akishazama. Tuwarahisishie wezi, tuseme asilimia 5 itatosha. Asilimia 5 ya chumba hicho ni lita 1,500 za mvuke, na mvuke huo unatoka kwenye lita zaidi ya 6 za etha ya maji. Kidumu cha lita tano hakitoshi, na hicho ni chumba kimoja tu, tena kilichozibwa kila tundu. Nyumba zetu za mwambaoni hazizibwi hivyo. Kati ya ukuta na bati kuna nafasi inayoachwa makusudi ili joto litoke, dirisha lina nondo na wavu, mlango una mwanya chini ambao panya anapita bila kuinama. Mvuke mzito kama wa etha ungetoka kwa mwanya huo huo na kumrudia mwizi miguuni.

Halafu kuna suala la baridi. Tone la etha likiwekwa mgongoni mwa mkono linapotea kabla hujamaliza kulitazama, na ngozi inabaki baridi kama imeguswa na barafu. Ni kwa sababu kila kimiminika kinachogeuka mvuke hunyonya joto la kitu kilicho karibu nacho. Lita sita zikimwagwa kwa mpigo zingejipoza zenyewe na kubaki dimbwi baridi chini ya dirisha, huku mvuke ukitoka kidogo kidogo. Mafundi waliotengeneza mitambo ya etha ya hospitalini walilijua tatizo hilo, wakalizunguka kwa kuuvika mtungi wa etha koti la maji ili joto lisishuke. Mwizi mwenye chupa ya kupuliza hana koti la maji.

Na moto je? Mvuke wa etha ukichanganyika na hewa hulipuka ukiwa kati ya asilimia 1.9 na 36. Kwa hiyo kiwango chochote cha kumlaza mtu chumbani kiko ndani ya eneo la mlipuko. Kibatari kilichoachwa kikiwaka kwa ajili ya mtoto, makaa yaliyofunikwa majivu, dawa ya mbu ya kuchoma, sigara ya mwizi mwenyewe, cheche ya swichi: kimoja kinatosha kulirusha bati hewani. Katika habari zote za kupuliziwa nilizosikia, hakuna hata moja ambayo nyumba ililipuka. Hilo peke yake lingetosha kumaliza mjadala.

Lakini hoja ninayoiona nzito kuliko zote inahusu watu waliolala. Etha huwasha koo. Mtu aliye macho akiivuta hukohoa, hujaa mate, hubana pumzi. Ndiyo maana wagonjwa walipewa kwanza dawa ya kukausha mate. Kulala kwenyewe huchukua dakika nyingi, tena kinyago kikiwa kimeshikiliwa usoni. Na mtu akishazama, taya hulegea na ulimi huangukia nyuma na kuziba njia ya hewa, hivyo lazima awepo wa kumshikilia kidevu. Sasa tunaambiwa kwamba mtu aliyejificha gizani, nje ya ukuta, bila kuwaona waliolala, amewapatia kipimo sawasawa baba mwenye kilo 80, bibi mwenye pumu na mtoto wa miezi mitatu, wote wakalala pamoja, hakuna aliyekohoa, hakuna aliyetapika, hakuna aliyekufa, na wote wakaamka alfajiri bila harufu yoyote ndani ya nyumba. Daktari bingwa hawezi kufanya hivyo kwa mtu mmoja aliyemlaza mezani mbele yake.

Dai hili si letu peke yetu. Ulaya wasafiri wanaolala kwenye magari yenye vitanda wamelisema kwa miaka mingi, hadi chuo cha kifalme cha madaktari wa usingizi cha Uingereza kikatoa kauli kwamba haiwezekani kumpoteza mtu fahamu kwa kupuliza etha, kloroformu au dawa nyingine ya mvuke ya siku hizi kupitia dirishani bila yeye kujua. Chuo hicho kilisema pia kwamba harufu ya etha ingebaki siku kadhaa. Wanaosema hivyo wanaijua dawa hii kwa mikono yao.

Tena etha haiuzwi dukani kama chumvi. Imo katika jedwali la pili la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 dhidi ya dawa za kulevya, kwa kuwa wasafishaji wa kokeini huitumia, na hapa kwetu kemikali za namna hii ziko chini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Mwizi wa kupata vidumu viwili vya etha safi angekuwa na biashara yenye faida kuliko kuiba redio.

Sisemi kwamba hakuna mtu anayeleweshwa na kuibiwa. Wapo. Soda iliyofunguliwa na abiria mwenzako, biskuti unayokaribishwa ndani ya basi, pombe uliyoiacha mezani ukaenda msalani: vidonge vya usingizi huyeyuka humo na vinafanya kazi kweli. Hizo ni dawa za kumezwa, na zinaweza kupatikana kwenye damu au mkojo zikipimwa mapema. Aliyetokewa na hilo aende hospitali siku hiyo hiyo na aseme alikula nini na kwa nani.

Basi mbona watu hawakusikia mlango ukivunjwa? Kwanza, mvuvi aliyekesha ziwani akivuta dagaa siku za giza, kisha akarudi kulala wakati wa mbalamwezi, halali usingizi wa kawaida. Saa tisa usiku mtu mzima aliyechoka hasikii nondo ikipindwa kwa ustadi. Pili, mlinzi aliyesinzia ana sababu ya kupenda habari ya nusukaputi, na baba mwenye nyumba vilevile, maana kuibiwa umelala kunaleta aibu ambayo kupuliziwa hakuileti. Lakini kuna jibu la tatu, nalo ndilo lililonifanya niandike.

Wengi wanaosema wamepuliziwa huamka na kichwa kizito, kichefuchefu na miguu isiyo na nguvu. Waulizwe kama usiku ule kulikuwa na jiko la mkaa ndani. Huku juu Ufipa, Juni na Julai, baridi ni ya kuuma. Watu huingiza jiko chumbani, hufunga madirisha na kuziba mwanya wa mlango kwa khanga. Mkaa unaowaka bila hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi. Haina harufu hata kidogo. Inaingia kwenye damu na kushika nafasi ya oksijeni, na mtu anazidi kuzama usingizini hadi asiweze kusikia mtoto akilia, sembuse mwizi. Anayenusurika huamka na dalili zile zile anazozihesabu kuwa za etha. Asiyenusurika huzikwa, na mtaani watu husema amerogwa au amekula kitu. Etha ingekuamsha kwa harufu. Hewa ya mkaa haikuamshi kwa lolote. Familia inayoamini imepuliziwa itanunua kufuli jipya na usiku unaofuata italirudisha jiko palepale kando ya kitanda. Hapo ndipo uongo huu unapoua.

Dai la pili ni dogo lakini limeenea: kwamba etha na kloroformu ni kitu kimoja chenye majina mawili. Sivyo. Kloroformu ina kaboni moja, hidrojeni moja na klorini tatu. Haiwaki moto, huchemka kwenye nyuzi 61, na inalaza haraka kwa kiasi kidogo. James Young Simpson aliijaribu mwenyewe na wenzake huko Edinburgh Novemba 1847, na mwaka 1853 John Snow alimpa Malkia Victoria akijifungua. Ilipendwa sana kwenye nchi za joto kwa kuwa haikupotea hewani wala kuogopa taa. Ubaya wake ni moyo: inaweza kuusimamisha ghafla, hata kwa mtu mwenye afya. Mnamo Januari 28, 1848, huko Uingereza, msichana wa miaka 15 aitwaye Hannah Greener alikufa chini ya kloroformu akiwa amekwenda kung'olewa ukucha wa mguu. Etha, pamoja na moto na matapishi yake yote, haiushambulii moyo hivyo. Kwa kiwango cha kawaida cha kulaza, mgonjwa anaendelea kuvuta pumzi mwenyewe na shinikizo la damu halianguki kirahisi. Anayechanganya vitu hivi viwili anachanganya kilichoua na kilichookoa.

Wapo wanaodai kwamba etha ni aina ya salfa, kwa kuwa vitabu vya zamani viliiita etha ya salfa. Hapa jina ndilo lenye kosa. Etha hutengenezwa kwa kupasha moto spiriti pamoja na asidi ya salfuriki, na kwa muda mrefu wakemia waliamini asidi ile imebaki ndani ya zao. Kazi ya asidi ni kuiondolea spiriti maji. Salfa haimo hata chembe moja. Ni Alexander Williamson, mwalimu wa kemia London, aliyeonyesha mwanzoni mwa miaka ya 1850 kwamba etha ni vipande viwili vya spiriti vilivyounganishwa na oksijeni moja. Jina lingine linalopotosha mpaka leo ni etha ya petroli, inayopatikana kwenye maabara za shule: hiyo haina etha yoyote, ni sehemu nyepesi tu ya mafuta ya petroli. Kwa upande mwingine, karafuu za Unguja na Pemba, ambazo hakuna anayeziita etha, zina kiini kiitwacho eujenoli chenye kiungo cha etha ndani yake. Kwa mkemia, etha ni ukoo mzima: oksijeni yoyote iliyoshikwa na kaboni huku na kaboni huku. Etha ya hospitali ni mmoja wa ukoo huo.

Kuna na vijana walioniambia kwamba etha ni ile inayobeba mawimbi ya redio, au sarafu ya kwenye mtandao. Majina yanafanana kwa sababu yametoka shina moja, neno la Kigiriki la hewa safi ya juu mbinguni. Frobenius, mkemia wa Kijerumani, alilipa kimiminika chetu jina hilo mwaka 1730 kwa sababu kilitoweka hewani mbele ya macho. Wanafizikia walilitumia kwa kitu walichodhani kimejaza anga na kubeba mwanga. Michelson na Morley walikitafuta kwa vipimo mwaka 1887 wasikione, na Einstein mwaka 1905 akaonyesha kwamba hakihitajiki. Nyaya za kompyuta zilizopewa jina hilo mwaka 1973 na sarafu ya 2015 zimerithi jina tu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kukulaza.

Dai la tano linasema etha iligunduliwa na Mmarekani Morton mwaka 1846. Valerius Cordus, Mjerumani, aliandika namna ya kuitengeneza mwaka 1540, akaiita mafuta matamu ya vitrioli. Paracelsus, wa zama hizo hizo, aliona kuku waliopewa wakilala na kuamka salama. Wengine wanarudi nyuma zaidi hadi kwa Ramon Llull wa karne ya 13, lakini maandishi yake hayana ushahidi huo. Hata kwenye upasuaji Morton hakuwa wa kwanza: daktari wa kijijini Georgia, Crawford Long, alimwondolea mgonjwa uvimbe wa shingo kwa etha Machi 30, 1842, ila hakutangaza hadi 1849. Alichofanya Morton ni kuonyesha hadharani Boston, Oktoba 16, 1846. Naye alitia rangi na manukato kwenye etha, akaipa jina la kubuni, Letheon, ili watu wasijue ni kitu cha kawaida na yeye apate kuwatoza. Madaktari waliigundua kwa harufu yake. Nakumbusha tu kwamba kuanzia kuku wa Paracelsus hadi mgonjwa wa Long ilipita miaka takriban 300, watu wakikatwa miguu wakiwa macho, na chupa iko kabatini.

Madereva wa malori wa Sumbawanga wana dai lao: kwamba lile kopo la kupuliza kwenye njia ya hewa ya injini ya dizeli asubuhi ya baridi ni petroli iliyoshindiliwa. Kwenye makopo mengi ya aina hiyo kiini ni etha yenyewe. Huwaka kwa joto la nyuzi 160 na kitu, ambalo injini baridi hulifikia kwa kugandamiza hewa tu, na ndiyo maana gari linaamka. Likipulizwa kwa wingi, au kwenye injini yenye plagi za kupasha moto, hupasua pistoni au humuunguza fundi uso. Linahitaji adabu.

Na walimu wa sayansi wasikubali dai kwamba etha haiharibiki. Ikikaa muda mrefu kwenye chupa iliyokwisha kufunguliwa, ikapata hewa na mwanga, hujenga ndani yake peroksaidi zinazolipuka kwa kutikiswa au kufunguliwa kizibo. Kama stoo ya shule ina chupa ya etha isiyojulikana ya mwaka gani, yenye chembechembe nyeupe shingoni, isiguswe. Chumba kifungwe, na Mkemia Mkuu wa Serikali aarifiwe kupitia mamlaka za wilaya.

Nimebakiza madai mawili ya hospitali. Lipo lisemalo etha ilikuwa dawa duni waliyotupiwa maskini, na sasa imetoweka. Mwambao huu una historia yake katika jambo hili. Kaskazini mwa Kipili, pale Karema, Daktari Adrian Atiman alitibu watu tangu 1889 hadi alipofariki 1956. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utotoni na kuuzwa utumwani, akakombolewa na mapadri wa White Fathers na kusomeshwa udaktari Malta. Mwaka ule aliofariki ndio Epstein na Macintosh wa Oxford walichapisha maelezo ya mtungi wao wa etha, EMO, na ndio halotheni ilipoanza kutumika Uingereza. EMO haikuwa kitu duni hata kidogo. Ni mtungi wa chuma wa mviringo wenye mkono wa kubebea. Ndani kuna chumba cha etha, kuzunguka chumba hicho kuna maji, na juu kuna wenzo unaosogezwa kwenye mizani ya asilimia. Kifaa kidogo ndani yake hurekebisha kiasi cha mvuke joto likipanda au kushuka. Hautaki umeme wala mitungi ya gesi: mgonjwa anavuta hewa ya kawaida ya chumba, ikipita juu ya etha. Kwa hospitali ya misheni iliyo mbali na barabara, ambako mitungi ya oksijeni ingesubiri meli, huo ndio ulikuwa utaalamu hasa. Kitabu cha tiba kilichotokana na kongamano la Makerere na kuchapishwa 1966 kiliwafundisha madaktari wa Afrika Mashariki njia hiyo, na orodha ya kwanza ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ya 1977, iliitaja etha.

Iliondolewa kwa sababu za haki. Upasuaji wa leo hutumia umeme kuziba mishipa ya damu, na cheche hizo haziwezi kukaa chumba kimoja na mvuke wa etha. Wagonjwa walichelewa kulala, walichelewa kuamka, na walitapika mno. Viwanda vingi navyo vikaacha kuitengeneza kwa ajili ya hospitali. Lakini kusema etha imetoweka hospitalini si kweli. Aisofluraini na sevofluraini, dawa za mvuke zinazotumika leo duniani kote, zote mbili ni etha: oksijeni ni ile ile katikati, ila hidrojeni nyingi zimeondolewa na florini kuwekwa mahali pake ili zisiwake moto. Halotheni iliyoingia 1956 ndiyo iliyokuwa ya ukoo mwingine. Wakemia waliitafuta dawa bora kwa miaka mingi, wakarudi kwenye etha.

La mwisho ndilo linalowafanya watu wa kwetu wakatae kupanda gari kwenda Sumbawanga: kwamba ukilala kwa nusukaputi akili hairudi kama zamani. Dawa za mvuke hutoka mwilini kwa njia ile ile zilizoingilia, kwa pumzi, nyingi ndani ya saa chache. Mzee anaweza kuchanganyikiwa siku kadhaa baada ya upasuaji, na ndugu wajulishwe hilo mapema. Kinachoharibu ubongo ni kukosa oksijeni, na kazi yote ya mtaalamu wa usingizi ni kuhakikisha hilo halitokei: anakaa kichwani pa mgonjwa, anatazama kifua kikipanda na kushuka, anahesabu mapigo, hatoki. Siku hizi mama wengi wanaojifungua kwa upasuaji hawalazwi kabisa. Huchomwa sindano ya mgongoni, wakamsikia mtoto akilia. Anayekaa nyumbani na ngiri iliyonyongwa au uchungu usiosonga kwa kuogopa usingizi, anakimbia hatari ndogo na kukumbatia kubwa.

Injini ya boti ifungwe mnyororo kwenye kitu kisichobebeka, na zamu za ulinzi zipangwe kijijini, kwa sababu mwizi wenu anaingia kwa nondo na subira. Jiko la mkaa lilale nje. Na ukiandikiwa upasuaji, nenda, usile chakula kwa muda wa saa sita kabla yake kama utakavyoelekezwa, na mtaalamu wa usingizi akikuuliza umekula nini na saa ngapi, mwambie ukweli hata kama ni kipande kimoja cha mgebuka ulichopewa na shangazi kwa huruma.